Mzazi ajue nini, lini na kwa njia gani: mwongozo kwa mwalimu wa darasa la kwanza

Mzazi mwenye mtoto wa darasa la kwanza kwenye shule zetu za msingi hapa Tanzania hakosi taarifa. Anajua mchango wa uji ni shilingi ngapi, sweta ni ya rangi gani, ufagio unatakiwa siku ipi, na kikao kitaanza saa tatu (yaani saa nne na nusu). Sasa muulize mwanawe wiki hii anasoma silabi zipi. Hajui, kwa sababu hakuna aliyemwambia. Ataambiwa Juni, kwenye karatasi yenye wastani na nafasi, wakati nusu ya mwaka imeshakwenda.

Madarasa ya juu yanaweza kuvumilia utaratibu huo. La kwanza haliwezi. Tangu mtaala wa 2015 ulipoweka uzito kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, kazi ya darasa hili ni stadi zinazopandana: asiyezijua irabu hawezi kuunganisha silabi, na asiyeunganisha silabi atakariri ukurasa mzima kwa kusikiliza wenzake na wewe utadhani anasoma. Pengo la Februari likigunduliwa nyumbani mwezi Juni, limeshakuwa korongo.

Msimamo wangu ni kwamba taarifa ya kujifunza iwe fupi, iende mara kwa mara, na itaje stadi badala ya alama. Kila unapowasiliana na mzazi, mwambie mambo matatu: mtoto anaweza nini sasa, nini kinamsumbua, na nyumbani wafanye nini kwa dakika tano. Hilo la tatu likikosekana, umempelekea mzazi lawama tu.

Hatua ya 1: Jua unayemwambia ni nani

Fanya hivi wakati wa uandikishaji, au wiki ya kwanza ya Januari kabla wazazi hawajapotelea mashambani. Kwenye daftari lako mwenyewe, mbali na rejista ya mahudhurio, andika kwa kila mtoto: analala kwa nani, nani humkagua daftari jioni, namba ya simu na mwenye simu hiyo, simu ni kitochi au simu janja, na nyumbani wanazungumza lugha gani.

"Analala kwa nani" ndilo swali lenye faida kubwa kuliko yote. Fomu ina jina la baba, lakini baba yuko machimboni na mtoto analelewa na bibi. Au mama anatoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kupika chapati stendi, na anayekaa na mtoto jioni ni dada wa kazi mwenye miaka kumi na saba. Huyo dada ndiye msomaji wako. Mzazi aridhie tu.

Je, mlezi anajua kusoma? Usimuulize hivyo mbele za watu. Uliza, "Mama, nikitaka kukupa habari za mtoto, nikutumie ujumbe au nikupigie?" Atakayesema "nipigie tu mwalimu" amekujibu bila kuaibika.

Lugha ya nyumbani andika pia, hasa vijijini. Mtoto aliyekuja shuleni na Kisukuma au Kigogo anajifunza mambo mawili kwa pamoja, Kiswahili na kusoma, na mzazi wake anapaswa kuambiwa kwamba hilo si uzito wa kichwa.

Hatua ya 2: Tengeneza ngazi ya stadi

Huwezi kumwambia mzazi mtoto amefika wapi kama wewe mwenyewe huna pa kumpimia. Muhtasari unakupa umahiri na shughuli, ila kwa mawasiliano unahitaji kitu kifupi zaidi. Kwa kusoma, ngazi hii inatosha:

1. Anazitambua irabu tano kwa sauti, hata ukizichanganya.
2. Anaunganisha konsonanti na irabu: ma, ke, tu.
3. Anasoma maneno ya silabi mbili: mama, kuku, meza.
4. Anasoma maneno marefu zaidi: kitabu, kabati, familia.
5. Anasoma herufi mwambatano: nyumba, chungu, ng'ombe, mwezi.
6. Anasoma sentensi fupi bila kukwama kila neno.
7. Anasoma habari fupi na kujibu maswali yake.

Kuandika na kuhesabu vitengenezee ngazi zao kwa mtindo huohuo. Kwa kuandika anza na kushika penseli na kuumba herufi, malizia na sentensi ya mtoto mwenyewe yenye herufi kubwa mwanzoni na nukta mwishoni. Kwa kuhesabu anza na vitu halisi, visoda au vijiti, uende hadi makumi na mamoja, kisha kujumlisha na kutoa. Ngazi tano au sita zinatosha. Zikifika kumi na tano utaziacha Machi.

Chora jedwali, majina kushoto, ngazi juu. Mtoto akipanda, andika tarehe kwenye kisanduku badala ya tiki. Tarehe itakuonyesha kwamba fulani yuko ngazi ya pili tangu mwezi wa pili na sasa ni wa tano, jambo ambalo tiki haitakuambia.

Hatua ya 3: Kikao cha kwanza kiwe somo

Kikao cha Januari ndicho chenye wazazi wengi, na ndicho tunachokiharibu kwa michango. Mwombe mwalimu mkuu akupe dakika arobaini na wazazi wa la kwanza peke yao, ndani ya darasa lako, kabla ya mambo ya fedha. Ikishatajwa hela hawakusikilizi tena.

Wakalishe kwenye madawati ya watoto wao, magoti juu. Wafundishe kama unavyofundisha watoto. Andika m ubaoni, uliza inasomwaje. Watasema "em". Andika a pembeni yake. "Em, a: inakuwa nini?" Mtu atajibu "ma" kwa sababu anajua kusoma tayari. Mwulize ile "e" ya mwanzo ameipeleka wapi. Watacheka, halafu wataelewa: anayejua herufi kwa jina lake hawezi kuziunganisha, anayeijua kwa sauti yake, mmm, akiigusisha na a anapata ma mwenyewe. Waambie nyumbani waache "ei, bii, sii". Mtoto afundishwe sauti, zile zile anazozisikia darasani, na wasimwongezee irabu mwishoni. B isigeuke kuwa "bu".

Hili nalitilia mkazo kwa sababu wazazi wenye bidii ndio huvuruga zaidi hapa. Wamenunua chati ya alfabeti yenye picha ya tufaha, wanamkaririsha mtoto kila usiku, na asubuhi anakuja darasani na majina ishirini na sita yasiyomsaidia kusoma hata neno "baba".

Jambo la pili la kuwaonyesha ni namba. Mwambie mtoto aandike kumi na mbili, ataandika 102. Mzazi akiliona daftari anaona mtoto hana akili. Waonyeshe ubaoni kwamba mtoto ameandika alichosikia: kumi, 10, na mbili, 2. Amekuwa mwaminifu kupita kiasi. Anachokosa ni kwamba nafasi ya tarakimu ina thamani, na dawa yake ni vijiti: funga kumi kwa kamba, weka viwili pembeni, kisha uandike fungu moja na vijiti viwili. Mzazi akishaliona hilo hatampiga mtoto kwa ajili ya 102.

Tatu, herufi zilizogeuka. b na d, 3 iliyotazama upande mwingine, s iliyopinduka. Kwa mtoto wa miaka sita au saba ni jambo la kawaida, na wengi huliacha kadiri wanavyozoea kuandika. Waambie wazazi wasahihishe kwa utulivu, na waje kukuuliza kama bado linaendelea sana mwaka ukielekea ukingoni.

Halafu wafundishe kupima kusoma nyumbani. Mzazi amwambie mtoto, "Nisomee." Akisoma vizuri sana, afunike picha kwa kiganja, aoneshe neno la katikati ya mstari kwa kidole, aulize, "Hili ni lipi?" Anayesoma atalisoma. Aliyekariri ataanza mstari upya kutoka mwanzo hadi alifikie, au atakisia. Hata mzazi asiyejua kusoma anaweza kuona tofauti hiyo: kidole cha mtoto kinatembea na maneno, au mdomo umekwenda huku na kidole kimebaki kule?

Kwa wasiojua kusoma, taja kazi zao waziwazi ili wasijione wageni. Kutegeana vitendawili. Kumsimulia mtoto hadithi, kisha yeye airudie. Wakati wa kuchambua maharage, ahesabu na kuyapanga kumi kumi. Akitumwa dukani, aseme chenji itakuwa ngapi kabla hajaondoka. Hayo yote ni somo. Mtoto mwenye msamiati mpana huelewa haraka anachokisoma.

Maliza kwa kuwaambia watakusikia lini na kwa njia ipi. Usiahidi usichoweza. "Kila mtoto nitampa taarifa mara moja kila wiki mbili" ni ahadi inayotimizika. "Mnipigie wakati wowote" si ahadi ya mtu anayetaka kulala.

Hatua ya 4: Utaratibu wa wiki

Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, na kila mmoja anajua madarasa ya kwanza yalivyofurika tangu elimu bila ada ilipoanza 2016. Kwa hiyo tufanye hesabu za kweli. Ukiwaita watoto tisa kwa siku mezani kwako wakati wenzao wanafanya zoezi, kila mmoja dakika mbili, umetumia chini ya dakika ishirini. Kwa wiki umewaona 45. Kama una tisini, kila mtoto atafikiwa baada ya wiki mbili.

Katika dakika mbili hizo mtoto asome mstari mmoja na silabi tatu zilizochanganywa. Andika tarehe kwenye ngazi, kisha andika taarifa hapohapo, usiipeleke nyumbani kama mzigo.

Njia ya kwanza ni daftari lenyewe. Chini ya zoezi, sentensi moja: *Anasoma ma, ka, ta. Bado sa. Jioni atafute maneno matatu yanayoanza na sa.* Mzazi aweke sahihi au alama yoyote, ili ujue imefika. Na tuache kumwachia mzazi tiki na "V. Good" kwa wino mwekundu. Hazimwambii kitu.

Kwa asiyesoma, mkubaliane alama tangu kikao cha kwanza. Duara lililojaa: anaweza. Duara nusu: anakaribia. Duara tupu: njoo tuzungumze, au nitakupigia. Mtoto mwenyewe akaeleze zoezi la nyumbani. Mfanye alirudie mbele yako kabla hajatoka.

Njia ya pili ni meseji ya kawaida, ambayo inafika hata kwenye kitochi na haihitaji bando. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160 pamoja na nafasi, na huo ni mpaka mzuri kwa mwalimu mwenye maneno mengi. Mfano, jina ni la kubuni:

*Mama Neema, habari. Neema anasoma vizuri silabi za m na k. Bado anachanganya b na d. Jioni aandike b mchangani kwa kidole, akitamka. Mwl wa la kwanza.*

Hapo kuna uwezo, tatizo na kazi, na hakuna cha kununua. Andika kiolezo kimoja kwenye simu, kisha badilisha jina, silabi na kazi tu.

Njia ya tatu ni mlangoni, saa ya kuchukua watoto. Usiidharau, lakini iwe kwa habari njema pekee. Habari ngumu haisemwi mbele ya mama watatu na dereva wa bodaboda.

Hatua ya 5: Kundi la WhatsApp, kwa kiasi

Kundi lina faida moja kubwa, nayo ni ujumbe wa sauti. Kila Jumatatu rekodi dakika moja: sauti za wiki hii zinavyotamkwa, maneno matano ya mfano, na mchezo mmoja wa nyumbani. Mzazi anaucheza usiku, mtoto anamsikia mwalimu wake, matamshi yanakuwa yaleyale.

Zaidi ya hapo, kundi liwe la matangazo. Funga uandishi ili viongozi tu waandike, la sivyo kufikia Jumatano ni mafundisho ya dini, biashara ya vitenge na picha za maua za habari za asubuhi. Usiweke matokeo ya watoto humo, wala picha ya daftari lenye makosa, wala orodha ya wasiolipa uji. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na picha ya mtoto au alama zake ni taarifa zake. Hata bila sheria, jirani hana haja ya kujua mtoto wa mwenzake bado yuko kwenye irabu.

Kumbuka pia kwamba kundi si darasa. Hesabu waliomo, linganisha na rejista, na wasiokuwemo watumie meseji ileile. Mara nyingi hao ndio wenye watoto wanaohitaji zaidi.

Hatua ya 6: Habari ngumu

Simu ya mwalimu ikiita, mzazi huwaza mabaya: ameumia, amepigana, kuna mchango mpya. Ndiyo maana simu ya kwanza kwa kila mlezi iwe ya habari njema, mapema, hata ndogo. Ya pili itapokelewa kwa moyo mwingine.

Mtoto akikaa ngazi moja mwezi mzima, usisubiri ripoti. Piga simu au mwite mlezi, mkae wawili. Sema ulichoona, usiseme mtoto ni wa namna gani. "Mzito", "mvivu" na "hana akili" ni maneno ambayo mtoto atayasikia kabla jua halijazama. Mazungumzo na bibi yanaweza kwenda hivi:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwalimu. Kafanya nini tena huyu?"

"Hajafanya kosa, bibi. Nimekuita tusaidiane. Hesabu anaziweza, anawashinda wengi. Ila nikiandika ubaoni anakosea, na nikimwandikia kwenye daftari anapata. Nyumbani umeona lolote kwenye macho?"

"Televisheni ya jirani huwa anaisogelea mpaka wanamfukuza."

Bibi amekupa jibu ambalo mtihani usingekupa. Kazi inayofuata ni mbili: mtoto akae dawati la mbele kuanzia kesho, na bibi ampeleke kupimwa macho. Kwa anayeitikia akiguswa tu, fikiria masikio. Kwa anayesinzia kila saa nne, uliza alikula nini na alilala saa ngapi, kwa upole, maana hapo unagusa umaskini wa mtu.

Mtoto asiwe mkalimani wa mazungumzo hayo, na asiwepo kama mshtakiwa. Mkishaagana, andika mlichokubaliana na siku ya kuulizana. Ukisahau kuuliza, mlezi naye atasahau kufanya.

Hatua ya 7: Ripoti ya Juni na ya Desemba

Fomu ya shule ijaze kama inavyotakiwa. Kisha ambatanisha nusu karatasi: ngazi ya kusoma, ya kuandika na ya kuhesabu aliyokuwepo Januari, aliyopo sasa, na kazi ya likizo. Kazi ya likizo iwe ndogo. Ukurasa mmoja kwa siku utasomwa. Kurasa arobaini zitajazwa na kaka yake usiku wa kuamkia kufungua shule.

Mzazi atakuuliza, "Amekuwa wa ngapi?" Usimkasirikie, ndivyo alivyozoeshwa tangu enzi zake. Mjibu kama shule yako inatoa nafasi, halafu fungua daftari la Januari na la sasa yakae pamoja mezani. Kwa mzazi asiyejua kusoma hicho ndicho kithibitisho pekee kinachosema bila mkalimani: herufi zilizokuwa zinaanguka nje ya mstari, na sasa zimesimama. Mweleze pia kwamba mtoto wa kumi anayesoma habari fupi yuko salama, na wa tatu kwenye darasa ambalo hakuna anayesoma hayuko salama.

Panga siku za kuwaona wazazi kwa kalenda ya mahali ulipo. Usiweke siku ya gulio wala wiki ya kupanda. Asiyefika usimwandike mtoro. Mpigie jioni, au mwombe mwenyekiti wa kitongoji amfikishie salamu, salamu tu, taarifa yenyewe uitoe wewe. Baba na mama wakiwa wametengana, uliza nani apewe nakala. Kwa kawaida ni wote wawili.

Hatua ya 8: Kabla hujawaachia darasa la pili

Darasa la pili ndiko kwenye upimaji wa kitaifa wa KKK, na mwalimu atakayewapokea hahitaji kuanza upya. Mkabidhi jedwali la ngazi lenye tarehe zake, pamoja na majina ya watoto ambao umeshaanza mazungumzo na walezi wao: mlikubaliana nini na kimefika wapi. Kama shule yenu ina UWAWA, ule ushirikiano wa wazazi na walimu, omba wajumbe wa la kwanza waendelee na watoto hao hadi la pili badala ya kuchagua wapya.

Wazazi nao waambie jina la mwalimu mpya kabla shule haijafungwa Desemba. Mkabidhi na lile daftari la simu, lakini kwanza lipitie: namba zilizokufa zifute, na pale mtoto alipohamia kwa mlezi mwingine katikati ya mwaka, andika jina la mlezi wa sasa na kama anapenda ujumbe au kupigiwa.